Dodoso la wauzaji sio sehemu ya kupeleka shida yako

Wauzaji wengi wa mtandaoni wanaamini ukijaza lile dodoso la maoni linalokuja kwa imeili kutoka jukwaa unalouzia basi kuna mtu anakaa anasoma shida yako na kuishughulikia. Hapana jamani, mara nyingi haiko hivyo. Chukua lile swali la "kutoka 0 hadi 10, ungemshauri mwenzako auze hapa?", limeanza kuvuma 2003 na hesabu yake ni kwamba unachukua asilimia ya waliotoa 9 na 10 unaondoa asilimia ya waliotoa 0 hadi 6, wa 7 na 8 hawaongezi wala hawapunguzi kitu, kwa hiyo wewe uliyeweka 6 ukidhani umewasifia kidogo unawekwa kapu moja na aliyefungiwa akaunti akaweka 0. Maoni ya kuandika nayo mara nyingi yanachambuliwa na programu kwa mada tu. Na walioacha kuuza kwa hasira wengi hawaulizwi kabisa, hili ndo linaniuma zaidi.

Sisemi msijaze, lalamiko likirudiwa na wengi linaonekana. Ila hela yako ikizuiwa nenda huduma kwa wateja, fungua tiketi (yaani ombi rasmi la msaada), upate namba ya kufuatilia na utunze skrinishoti.