Rangi Pekee Haitoshi: Namna Mito ya Tropiki Inavyoainishwa kwa Kemia ya Maji Yake

Karibu na mji wa Manaus nchini Brazili, maji meusi ya Mto Negro hukutana na maji ya kahawia ya Mto Solimões, yaani Mto Amazon wenyewe kabla ya makutano hayo, na kwa kilomita kadhaa mito hiyo hutiririka sambamba bila kuchanganyika kwa sababu inatofautiana kwa kasi, kwa joto na kwa uzito wa maji. Picha za mahali hapo zimesambaa mno, na huenda ndizo zilizowafanya watu wengi waamini kwamba kuainisha mito ya tropiki ni kazi ya macho tu. Ni kweli kwamba rangi ndiyo iliyotangulia: jina la Mto Negro lilitolewa na msafara wa Mhispania Francisco de Orellana mwaka 1542, na wakazi wa bonde la Amazon walikuwa wakiitofautisha mito kwa rangi kabla ya mtaalamu yeyote kufika na chupa za sampuli. Mjerumani Harald Sioli, mtaalamu wa maji baridi aliyefanya kazi Amazon kwa miaka mingi, ndiye aliyeipa elimu hiyo ya wenyeji msingi wa kisayansi katika miaka ya 1950, alipoonyesha kwamba kila rangi inaambatana na aina fulani ya ardhi ambako mto unaanzia.

Sioli aliigawa mito hiyo katika makundi matatu. Mito ya maji meupe, kama Solimões na Madeira, hutoka milima ya Andes na hubeba mashapo mengi, kiasi kwamba kisahani cheupe kinachoteremshwa majini kwa kamba hupotea machoni kabla ya kufika nusu mita. Weupe huu, tukubaliane, ni wa jina tu, kwa sababu maji yenyewe ni ya kahawia iliyofifia. Kipimo chake cha pH, kinachoonyesha asidi ya maji na kushuka kadiri asidi inavyozidi, hukaribia 7, na kalisi na bikaboneti ndizo zinazotawala miongoni mwa chumvi zilizoyeyuka ndani yake. Mito ya maji meusi, ambayo Negro ndiyo mfano wake mkuu, haina mashapo mengi lakini ina asidi, kwani pH yake huwa kati ya 4 na 5, na chumvi zake ni chache mno hata uwezo wa maji kupitisha umeme ukawa mikrosimensi 10 hivi kwa sentimita, yaani karibu sawa na maji ya mvua. Kundi la tatu ni mito ya maji maangavu, kama Tapajós na Xingu, inayotoka kwenye miamba ya kale ambayo imekwisha kuoshwa na mvua kwa mamilioni ya miaka. Maji yake ni ya kijani kibichi na huruhusu kisahani kuonekana hadi zaidi ya mita 4.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba maji meusi si machafu, na wala hayazuii mwanga kuliko maji meupe. Katika vipimo vya Sioli kisahani kilionekana hadi mita 1.3 na hata 2.9 ndani ya maji meusi. Tofauti hii inaonekana vizuri kwa jaribio dogo ambalo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kulifanya akiwa na karatasi ya chujio. Ukichuja maji meupe, karatasi hubaki na utando wa tope na maji yanayodondoka chini huwa karibu safi kabisa. Ukichuja maji meusi, karatasi hutoka karibu kama ilivyoingia, lakini maji yaliyopita bado yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Rangi ya kwanza ilikuwa ya chembe zilizoelea, nayo huondolewa na chujio. Ya pili ni ya viasili vya mboji vilivyoyeyuka, na chujio la karatasi haliwezi kuvizuia.

Kwa nini viasili hivyo viwe vingi katika mto mmoja na vichache katika mwingine, ilhali yote miwili inapita katika misitu inayodondosha majani mwaka mzima? Jibu liko kwenye udongo, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye utamu wa somo hili. Majani yanapooza hutoa asidi za mboji popote pale. Penye udongo wa mfinyanzi wenye chuma na alumini nyingi, asidi hizo hunaswa na chembe za udongo na kubaki humo hadi zinapovunjwa na vijidudu, kwa hiyo maji yanayofika mtoni huwa yamekwisha kusafishwa rangi. Penye mchanga mweupe, kama ilivyo katika maeneo makubwa ya bonde la juu la Negro, hakuna cha kuzinasa, nazo hushuka moja kwa moja hadi kwenye maji ya chini ya ardhi na kuingia vijitoni. Vinamasi hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine, maana mimea iliyozama kwenye maji yasiyo na oksijeni haiozi ikamalizika.

Matokeo yake kwa viumbe na kwa watu ni makubwa. Nyanda zinazofurikwa na maji meupe, ambazo Wabrazili huziita várzea, hupata mbolea ya tope kila mwaka na ndizo zilizolimwa na kukaliwa na watu wengi zaidi. Misitu inayofurikwa na maji meusi, yaani igapó, ina udongo fukara na miti inayokua polepole. Konokono ni adimu katika maji meusi kwa sababu kalisi ya kujengea magamba haitoshi. Mbu nao ni wachache, faraja ambayo wasafiri wa Mto Negro wamekuwa wakiitaja tangu zamani.

Hata hivyo, makundi hayo matatu yasichukuliwe kama masanduku yaliyofungwa. Mto Branco, unaoingia Negro, hubeba mashapo ya kutosha kuubadilisha mto mkubwa chini ya makutano yao, na mito ya maji maangavu huweza kuvurugika wakati wa mvua kubwa. Mwanasayansi Ronald Gibbs, aliyechunguza kemia ya Mto Amazon, alionyesha mwaka 1967 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mashapo yanayoelea katika Mto Amazon hutoka katika asilimia 12 tu ya bonde lake, yaani upande wa Andes. Mwaka 1970 alipendekeza njia ya kuitazama mito yote ya dunia bila kutegemea rangi, kwa kuuliza kama kemia ya mto inatawaliwa na mvua, na miamba, au na mvukizo. Negro uliangukia upande wa mvua. Mito mingi mikubwa iko upande wa miamba, na penye ukame mvukizo huzidisha chumvi, hasa sodiamu.

Barani Afrika mpangilio wa Sioli unafaa vizuri katika bonde la Kongo. Mto Ruki, unaoingia Mto Kongo karibu na mji wa Mbandaka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni miongoni mwa mito yenye maji meusi zaidi duniani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliukuta mweusi kuliko hata Negro. Eneo linalouzunguka ni lile la kinamasi cha Bonde la Kati, ambako watafiti walitangaza mwaka 2017 kuwapo kwa hazina ya mboji ya kinamasi iliyoenea takriban kilomita za mraba 145,500 na kuhifadhi kaboni inayokadiriwa kuwa tani bilioni 30. Rangi ya Ruki ni sehemu ya kaboni ya misitu na vinamasi iliyo safarini.

Tukisogea mashariki, mpangilio huo unaanza kutupotosha. Mto Athi, ambao huitwa Galana na kisha Sabaki kabla ya kumwaga maji baharini kaskazini mwa Malindi, huonekana kama mto wa maji meupe wakati wa mvua, lakini sehemu kubwa ya tope lake ni udongo wa mashamba na malisho uliomomonyoka, na maji yake yamepokea pia majitaka ya jiji la Nairobi, jambo ambalo rangi haisemi lolote kulihusu. Chemchemi za Mzima, zinazopeleka maji Mombasa, zinang'aa hadi viboko huonekana wakitembea chini ya maji. Angavu lake halina undugu na lile la Tapajós, kwa sababu maji ya Mzima yamepita ndani ya miamba michanga ya volkano ya Chyulu na yamebeba madini mengi zaidi. Mto Rusizi nao hutoka Ziwa Kivu, lenye uwezo wa kupitisha umeme unaozidi mikrosimensi 1,000 kwa sentimita, na chumvi zake ndizo zinazochangia sana kulifanya Ziwa Tanganyika liwe na kipimo kinachozidi 600. Ukiulinganisha na Negro utaona pengo la zaidi ya mara mia moja, na macho hayawezi kulikisia. Si ajabu kwamba watafiti J. F. Talling na Ida Talling, walipoyapanga maziwa ya Afrika mwaka 1965, waliacha rangi na kutumia uwezo wa kupitisha umeme, wakiweka mipaka yao kwenye 600 na 6,000.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuuainisha mto wa Afrika Mashariki anapaswa kuanza na vipimo vinne: pH, upitishaji umeme, kiasi cha mashapo, na rangi inayobaki baada ya kuchuja. pH ipimwe palepale mtoni, kwani maji yakikaa kwenye chupa hupoteza au kupata hewa ya kaboni na kipimo hubadilika. Kila kipimo kirudiwe kiangazi na masika. Penye miamba ya volkano lazima ipimwe pia floraidi, chumvi inayotoka kwenye miamba hiyo. Mto Maji ya Chai, unaoshuka kutoka Mlima Meru mkoani Arusha, una rangi ambayo mtu aliyezoea mito ya Amazon angeitilia shaka kwanza, lakini kinachodhuru meno na mifupa ya wanaoyanywa maji hayo kwa miaka ni floraidi isiyo na rangi, harufu wala ladha, inayozidi mara kadhaa kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Maji ya jirani yanaweza kuwa maangavu kabisa na yakawa na floraidi vilevile. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, bali huizidisha kidogo kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Kinachoipunguza ni kuyapitisha kwenye chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama linavyotengenezwa Ngurdoto, mkoani humo humo Arusha, na mkaa huo lazima ubadilishwe kwa kufuata vipimo vya maabara, kwa kuwa maji yanayotoka kwenye chujio lililochoka yanafanana kabisa na yale yanayotoka kwenye chujio jipya.