Kabla ya mfuko wa kitambaa, tenga ndoo ya maganda

Kila nikiitwa kwenye semina ya mazingira, iwe ya kampuni au ya serikali ya mtaa, mada huwa nazijua kabla hata sijakaa: panda mti, zima taa ukitoka, beba mfuko wa kitambaa. Sina ugomvi nazo hata kidogo. Ila mimi kazi yangu ni kupima taka, yaani tunachukua taka za nyumba fulani au ofisi fulani za wiki nzima tunazimwaga kwenye turubai tunachambua kwa mikono (glavu zipo, msiogope) halafu kila fungu linapanda mzani, na fungu linalolemea ni lile lile kila siku: maganda ya ndizi, ya viazi, ya muhogo, machicha ya nazi, mabaki ya ugali na wali, vijiti vya mchicha, nyanya zilizooza. Plastiki inaonekana nyingi kwa macho kwa sababu ni nyepesi na inapepea kila mahali, ukiipandisha kwenye mzani inanyong'onyea. Benki ya Dunia kwenye ripoti yao ya 2018 waliweka taka za chakula na majani kuwa asilimia 44 ya taka za mijini dunia nzima, na kwa nchi za kipato cha chini ni zaidi ya nusu. Kwa Dar, kwa ninachokiona kwenye turubai, hatuko chini ya hapo.

Kwa hiyo leo naongelea tabia moja tu, kutenganisha taka mbichi (zile zinazooza) na taka kavu, maana faida nyingi tunazoahidiwa kwenye hizo semina zinategemea hiyo moja na hakuna anayeitaja.

Fikiria maji kwanza. Ganda la tunda au mboga ya majani, asilimia 80 hivi ya uzito wake ni maji, wakati mwingine zaidi. Sasa lori linatoka Mbezi linaenda dampo la Pugu Kinyamwezi, linachoma dizeli kwenye foleni masaa, na sehemu kubwa ya mzigo mgongoni ni maji ya maganda. Wewe unayelipa ada ya taka kila mwezi na kulalamika kwamba gari haliji, sehemu ya hela yako inasafirisha maji. Kisha hayo maji hayatulii, yanavuja, yanalowanisha boksi na makaratasi, yanachafua chupa, na hapo ndo unaua thamani ya kila kitu kingine. Boksi kavu lina mnunuzi, linauzwa kwa kilo, boksi lililolowa mchuzi wa maharage hakuna anayelitaka. Chupa ya maji ikiwa safi yule kijana anayepita na kiroba anaichukua mlangoni kwako huku anakushukuru, ikiwa imezama kwenye uozo inabidi mtu aifukue kwa mikono dampo, na wapo wanaofanya hivyo kila siku, wengi bila hata glavu.

Halafu kuna gesi. Maganda yakioza yakiwa yamefukiwa chini ya taka nyingine bila hewa, vijidudu vinavyoyala vinatoa methani, na methani kwa kipimo cha miaka 20 inapasha joto dunia zaidi ya mara 80 ukilinganisha na uzito ule ule wa hewa ya ukaa. Maganda yale yale yakiozea kwenye hewa, kwenye lundo la mboji linalogeuzwa, methani inayotoka ni kidogo sana. Hiyo gesi ndo mojawapo ya sababu dampo linashika moto na kufuka siku na siku. Na hilo lundo lenyewe likijaa uozo na maji ya mvua halishikani. Machi 2017 dampo la Koshe pale Addis Ababa liliporomoka likaua zaidi ya watu 110, Agosti 2024 likafuata la Kiteezi, Kampala, zaidi ya 30 wakafa. Watu wanaoishi chini ya dampo si kwamba hawana akili, ni kwamba kodi ya huko ndo wanayoimudu.

Basi turudi jikoni kwako. Unahitaji ndoo tatu, basi. Ndoo ndogo yenye mfuniko kwa vitu vinavyooza, na kiroba au ndoo kubwa kwa vikavu. Ya tatu ndogo kwa pampasi, taulo za kike na vitu kama hivyo, hiyo ndo ya kwenda dampo kweli kweli, na betri na dawa zilizoisha muda visichanganywe na chochote. Faida ya kwanza utaiona ndani ya wiki: ile ndoo ya vikavu hainuki. Ikae wiki mbili haina shida, maana kinachonuka kwenye taka ni chakula, na nzi, panya na mende wote wamefuata chakula. Gari la taka likichelewa huna presha tena. Mama mwenye nyumba mmoja aliniambia hilo tu lilimtosha, habari za tabia nchi alisema nikawahadithie wengine, na mimi sikumbishia kwa sababu yuko sahihi, tabia inayokupa raha nyumbani kwako wiki hii itadumu kuliko inayosubiri ukombozi wa dunia.

Ndoo ya maganda inaenda wapi? Kama jirani ana mbuzi, nguruwe au kuku umemaliza, maganda ya ndizi na viazi yanaliwa siku hiyo hiyo. Angalizo moja: kitu kilichoota ukungu, hasa mahindi, karanga na mikate, usimpe mnyama, kuna sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na kwa kuku na ng'ombe wa maziwa inaweza kurudi mezani kwako kupitia mayai na maziwa.

Kama hakuna mifugo, tengeneza mboji, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu watu wengi wameijaribu ikawanukia wakaacha. Ikinuka maana yake una mbichi nyingi kuliko kavu na hewa haipiti. Kanuni ni kwamba kila ndoo moja ya maganda unaifunika na ndoo mbili au tatu za kitu kikavu: majani makavu unayofagia uani kila asubuhi, maranda ya fundi seremala, boksi lililochanwachanwa, makumbi yaliyokatwa madogo. Vile vikavu vina kaboni, vile vibichi vina naitrojeni, wadudu wanaovila wanataka kaboni kama mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, lakini huna haja ya kupiga hesabu, hayo mafungu ya ndoo yanakufikisha hapo. Chukua ndoo kubwa mbovu au pipa, toboa matundu chini na pembeni, weka tabaka la vijiti chini, endelea kupanga mbichi kavu mbichi kavu na juu siku zote iwe kavu ili nzi wasione kitu. Kila wiki geuza. Chota konzi moja uikamue: ikitoa tone moja mbili iko poa, ikichuruzika ongeza maranda, ikiwa vumbi nyunyizia maji. Lundo likiwa kubwa, tuseme mita moja kila upande, litapanda joto mpaka nyuzi 55 au 60 katikati, utaona moshi wa mvuke asubuhi, hiyo ni dalili njema, mbegu za magugu na vimelea vingi vinakufa hapo. Kwenye pipa dogo joto hilo hulipati na si tatizo, inachukua muda mrefu tu. Kwa joto la Pwani miezi miwili mitatu unakuwa na kitu cheusi kinachonukia udongo wa mvua.

Usiweke nyama, mifupa, samaki wala mafuta ya kukaangia, panya watakufanyia sherehe. Majivu ya mkaa kidogo sana. Ngozi za ndimu na machungwa watu wanaziogopa bure, zikatwe ndogo zinaoza kama kawaida.

Hiyo mboji changanya na udongo jaza kwenye kiroba, panda mchicha, matembele, pilipili, sukuma. Sitakuambia utaacha kwenda sokoni, hizo ni hadithi za kwenye mabango. Utapata mboga ya siku kadhaa kwenye wiki na viungo vya kuchuma muda unaotaka, na kwa familia ambayo mfukoni kukavu hiyo si ndogo.

Wale wanaochoma taka uani jioni, naongea na nyie pia. Plastiki ikiungua kwenye moto hafifu wa uani inatoa sumu ambazo hazina harufu ya kukuonya, na moshi hauulizi ni mtoto wa nani mwenye pumu. Ukishatoa maganda na ukauza makopo na boksi, kinachobaki cha kuchoma ni kidogo mpaka unaona aibu kuwasha kiberiti.

Ofisini sasa. Ofisi nyingi zikitaka kuwa rafiki wa mazingira zinaanza na karatasi, chapisha pande mbili, na lile tangazo chini ya barua pepe linalosema fikiri kabla ya kuprinti. Sawa. Lakini mwaga taka za ofisi kwenye turubai utakuta chakula cha mchana na chupa za maji za vikao, tena chupa nyingi zimenywewa nusu, watu wanafungua kwa heshima ya mkutano wanapiga funda moja wanaondoka. Dispensa moja, majagi na glasi kwenye chumba cha mkutano, bajeti ya maji inashuka mwezi huo huo na mhasibu anakuwa mwanamazingira bila kujijua. Chakula cha kantini nako, mabaki ya sahani yawe na ndoo yake na mtu wa mifugo wa kuja kuyachukua, wapo na wanayatafuta. Siku hizi kuna na wafugaji wa funza wa BSF, yule nzi mweusi mwembamba, funza wake wanakula mabaki kama vichaa na ndani ya wiki mbili hivi wamenenepa wanakuwa chakula cha kuku na samaki chenye protini nyingi badala ya dagaa, dagaa wakabaki wa kuliwa na watu.

Ila nikupe siri ya ofisi. Utaratibu mwingi wa ndoo za rangi rangi unafia kwa mtu wa usafi. Watumishi wanatenganisha vizuri, picha zinapigwa, jioni dada wa usafi anamimina ndoo zote kwenye mfuko mmoja mweusi kwa sababu hakuna aliyemwambia, hakuna aliyempa sehemu mbili za kuweka, na mkataba wa kampuni yake unasema aondoe taka tu. Anza naye kabla ya kununua ndoo. Muulize zinapelekwa wapi, tenga kona ya stoo kwa ajili ya vikavu, na hela ya boksi na chupa iwe yake, utashangaa utenganishaji unavyonyooka.

Mtaani ndo kugumu, na ndo kwenye faida kubwa. Dar ina historia yake na hili jambo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa linawatia moshi na nzi ndani ya nyumba, wakashinda, na Jiji liliporudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira alikataa, akalihusisha na haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Kesi ile inafundishwa vyuoni mpaka leo. Lakini baadaye dampo likahamia Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu, na kila lilipokwenda kulikuwa na watu. Kuhamisha mlima hakuupunguzi, unapungua kule unakoanzia, kwenye ndoo.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi naupenda, watu wanafahamiana, lakini angalia kinachotolewa mtaroni: matope, chupa na uozo vinawekwa kando ya mtaro ule ule, gari halipiti, mvua ikinyesha Jumatatu vyote vinarudi ndani. Makopo yaliyojaa maji yanayobaki pembeni yanafuga mbu wa dengi, na Dar dengi tumeiona 2014 na 2019, si habari ya mbali. Ningeongoza mimi, Jumamosi hiyo kusingeanza fagio mpaka tujue gari linakuja saa ngapi.

Kuna mfano wa Bonyokwa, Ilala, ambako ushirika wa wakusanya taka unapita nyumba kwa nyumba na kaya zinatenganisha zenyewe, mbichi inaenda kwenye mboji, kavu inauzwa, ya dampo inabaki sehemu ndogo. Kinachofanya kazi pale kwa maoni yangu ni kwamba anayekusanya ananufaika kwa utenganishaji wako, kwa hiyo anakufuatilia, ukichanganya anarudi kukuelekeza. Mitaa mingi mkandarasi anakusanya vyote kwenye kirikuu kimoja, hana sababu ya kukusumbua, na wewe ukitenganisha unaonekana unajichosha.

Sasa kama unakaa ghorofani huna ua, usijaribu mboji ya pipa kwenye kibaraza, utagombana na wa chini. Weka maganda kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya friji au mahali pa baridi, yachuje maji kwanza, na tafuta mtu mmoja tu wa kuyachukua mara mbili kwa wiki: muuza mboga mwenye bustani, mfugaji, hata mlinzi mwenye kuku. Kaya nne tano za jengo moja zikikubaliana naye, anakuja na baiskeli yake bila kubembelezwa, ila mpeni ndoo safi, na mtu akiweka mfuko wa nailoni ndani ya maganda mwambieni siku hiyo hiyo kabla mfugaji hajaacha kuja.