Mkandarasi aliyefutwa kazi hajafungiwa

Wiki jana mhandisi kijana niliyewahi kufanya naye kazi alinipigia simu nikiwa nimekwama kwenye msongamano wa barabara ya Mombasa, karibu na uwanja wa Nyayo, Nairobi. "Mzee, yule mtu tuliyemtimua kwenye saiti mwaka juzi, leo zabuni zimefunguliwa na jina lake limesomwa. Bei yake ndiyo ya chini kabisa. Kwani hakufungiwa?"

Hakufungiwa. Alifutwa kazi tu, na watu wengi, hata waliokaa serikalini miaka na mikaka, huyachanganya mambo haya mawili. Kufutwa kazi, yaani kusitishiwa mkataba, ni shauri la taasisi moja na mkandarasi wake. Kufungiwa maana yake ni kuzuiwa kuomba kazi yoyote ya umma, iwe ya wizara, ya kaunti au ya shule ya serikali kule kijijini kwenu. Uamuzi huo ni wa bodi ya PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma nchini Kenya, na bodi hiyo haina njozi za usiku za kuifunulia kilichotokea kwenye mjengo wako. Lazima mtu aiandikie, tena kwa ushahidi.

Sheria yenyewe haina upungufu. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataja wazi adhabu kwa wakandarasi wasiotimiza mikataba, na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 kinataja makosa: ufisadi, kudanganya kuhusu sifa zako, kukataa kutia sahihi mkataba ulioshinda, kukwepa ushuru, na kuvunja mkataba, kazi mbovu ikiwemo. Adhabu haipungui miaka 3.

Tatizo liko kwenye faili. Mimi ni mkadiriaji gharama za ujenzi, na nitajisema mwenyewe kabla sijasema wengine. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye mradi wa madarasa ambao mkandarasi wake alikuwa akikoroga konkriti kama uji wa mgonjwa. Vipande vya majaribio vilipopelekwa maabara baada ya siku 28, nguvu yake haikufika tuliyoagiza. Mhandisi wa saiti alifoka hadi mafundi wakateremka kutoka jukwaani. Lakini alifoka kwa mdomo. Kumbukumbu za mkutano wa mwezi huo zilisema "mkandarasi alihimizwa kuzingatia ubora", basi. Mwezi uliofuata mimi nikapima kazi, nikakadiria, cheti cha malipo kikatoka na slabu ya konkriti ile ile ikiwa ndani.

Tulipokuja kutaka afungiwe, wakili wake aliuliza swali moja: slabu hii mliikataa tarehe gani? Tukatazamana. Kwenye karatasi tulikuwa tumeipokea na kuilipia, na sahihi yangu ilikuwa pale chini, nzuri kweli. Ombi likaishia hapo.

Ndiyo maana siku hizi nawasumbua vijana kwa barua. Maelekezo ya mdomo yaingie kwenye kitabu cha saiti siku hiyo hiyo. Matokeo ya maabara yaambatanishwe na notisi inayotaja kifungu cha mkataba kilichovunjwa na siku za kurekebisha. Kazi iliyokataliwa isiingie kwenye cheti. Mkandarasi ana haki ya kusikilizwa, na asiporidhika ataenda Milimani kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi. Huko hasira yako haina uzito wowote.

Tena, si kila anayechelewa ni mhalifu. Nimeona wakandarasi waaminifu wakisimamisha kazi kwa sababu vyeti vyao vimelala kwenye hazina miezi na miezi, huku benki ikiwaandama kwa mkopo walioununulia vyuma na simiti. Afisa anayemtisha mtu kama huyo kwa kumfungia, ilhali ofisi yake ndiyo inayodaiwa, anaitumia sheria kukwepa deni. Nadhani hofu ya kuulizwa kuhusu madeni ndiyo huwanyamazisha maafisa wengi hata wanapokutana na mkandarasi mbovu kwelikweli.

Kuna wale wa kubadilisha ngozi pia: kampuni inachafuka, mke au shemeji anasajili nyingine, matingatinga ni yale yale, fomeni yule yule. Kanuni za 2020 zinazotaka wenye asilimia 10 au zaidi ya kampuni watajwe zimesaidia, ikiwa kuna mtu wa kuzisoma hizo fomu.

Na usidhani orodha za nje za waliofungiwa zinafanya kazi yako. Mwaka 2009 Benki ya Dunia iliifungia China Road and Bridge Corporation miaka 8 kwa sababu ya mradi wa barabara nchini Ufilipino. Kabla miaka hiyo haijaisha, kampuni hiyo ilikuwa inatujengea reli ya SGR. Pesa nyingi zilikuwa za benki ya Exim ya China, na adhabu ya Benki ya Dunia hufunga miradi inayogharimiwa nayo, pamoja na ile ya benki nyingine 4 za maendeleo zilizokubaliana mwaka 2010 kutambuliana adhabu, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwemo.

Nikamrudia kijana wangu kwenye simu, nikamweleza hivi. Fomu ya kiapo ya SD1, ambayo kila mwombaji huitia sahihi, inasema hujafungiwa. Huyu bwana aliapa ukweli mtupu. Lakini ndani ya zabuni kuna fomu nyingine, ya historia ya mikataba ambayo haikutekelezwa. Hapo alipaswa kuwataja nyinyi, na akificha ametoa habari za uongo, kosa ambalo kifungu cha 41 kinalitaja.

"Ngoja niitafute nikusomee," akasema.

Nikamkatiza. Tathmini ni siri ya kamati na mimi si mwanakamati. "Soma mwenyewe. Na barua ya kumfuta kazi mnayo?"

Akanyamaza kidogo. "Nitauliza masjala."