Je, wajua kwa nini Percy Jackson akishika kitabu herufi zinaanza kuelea?

Kama umesoma The Lightning Thief, kile kitabu cha Rick Riordan cha 2005 kilichoanzisha mambo yote ya Percy Jackson, utamkumbuka dogo wa miaka 12 anayefukuzwa shule kila mara, darasani hatulii, akijaribu kusoma herufi zinamkimbia. Mashujaa wengine wanapewa misuli, huyu kapewa disleksia (shida ya kusoma na kuandika) na ADHD (shida ya kutulia na kuwa makini). Kwa nini sasa?

Jibu linaanzia kitandani kwa mtoto wa mwandishi mwenyewe. Riordan alikuwa mwalimu wa Kiingereza na historia, na mwanae alipofika darasa la pili shule ikawa mateso kweli, wakampima wakakuta anayo yote mawili. Kitu kilichomkamata huyo mtoto ni hadithi za miungu ya Wagiriki, basi kila usiku baba anasimulia, leo Zeus mkuu wa miungu, kesho Medusa yule mwenye nyoka kichwani, weee mpaka akiba ikaisha. Mtoto akasema basi tunga mpya. Ndo akazaliwa Percy, stori ikachukua kama siku tatu hivi kumalizika, na dogo akamwambia baba yake aiandike iwe kitabu.

Utamu ni pale Percy anapofika kambini Long Island, kambi ya machotara, yani watoto ambao mzazi mmoja ni mungu na mwingine binadamu wa kawaida. Annabeth, binti wa Athena mungu wa hekima, anamwambia kumbe herufi zinaelea kwa sababu ubongo wake umeumbwa kwa Kigiriki cha kale, na ile kutotulia ndo wepesi wa mtu wa vitani, huwezi kupona kwenye mapigano kama mwili umelala. Anamfundisha Kigiriki, na asubuhi chache tu Percy anaanza kujikongoja kwenye mistari ya Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, bila kichwa kuuma sana. Yule aliyekuwa anaonekana kilaza!

Hiyo ni hadithi lakini, sio sayansi, maana hata Ugiriki kwenyewe kuna watoto wenye disleksia. Ila mimi naona kuna kaukweli kamejificha humo, kwa sababu hizo hadithi za kale watu walikuwa wanaziimba na kuzisikiliza kabla hazijaandikwa, na hakuna aliyewahi kumdai Achilles, shujaa wa mashairi ya Homer, cheti cha mtihani.

Jina nalo lina yake. Percy ni kifupi cha Perseus, yule aliyemkata Medusa kichwa, na Perseus wa zamani alikuwa mtoto wa Zeus wakati Percy baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari, kwa hiyo ukiangalia ukoo jina haliendani. Mama yake alilichagua kwa sababu nyingine kabisa: kati ya mashujaa wa Kigiriki, Perseus ni mmoja wa wachache walioishia vizuri.