Kabla ya Harusi ya Kwanza, Piga Nyuso

Swali la kwanza ninaloulizwa na watu wanaoanza kupiga picha za watu na za harusi ni kamera gani wanunue. Ni swali la haki, maana hela inatoka mfukoni mwao. Lakini kamera nyingi za kubadilisha lenzi zilizotoka miaka kumi hii iliyopita, hata zilizokwisha kutumika, zinatosha kutoa picha ya uso inayofaa kutundikwa ukutani. Kinachomkwamisha anayeanza ni jicho: hajazoea kutazama mwanga unavyoanguka usoni mwa mtu. Jicho hilo haliuzwi dukani, na harusini hakuna nafasi ya kulitafuta.

Harusi ni picha za watu zinazopigwa mbiombio, mahali usipopachagua, kwa mwanga usiouchagua. Huwezi kuwaambia maharusi wavishane pete upya kwa sababu fokasi, yaani ukali wa picha, ilikwenda kwenye maua ya nyuma. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wangu: piga nyuso nyingi, mmoja mmoja, bila haraka, mpaka mambo ya msingi yakae mkononi. Harusi ije baadaye.

Zoezi ninaloanza nalo siku zote ni la dirisha. Tafuta dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima taa zote chumbani, kisha mkalishe mtu kiasi cha hatua moja kutoka dirishani. Mwambie alitazame dirisha, nawe simama ukilipa mgongo. Uso utajaa mwanga kila upande na kuonekana bapa. Sasa simama ubavuni mwake, dirisha likiwa upande wako mmoja, umwambie auzungushe uso polepole kukuelekea, nawe usibonyeze chochote, tazama tu. Kivuli cha pua kitaanza kulala shavuni. Kitafika mahali kiungane na kivuli cha shavu, na chini ya jicho la upande wa giza kibaki kipande kidogo cha mwanga chenye pembe tatu. Huo ndio mwanga ambao wapiga picha huuita wa Rembrandt, kwa jina la mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Akizidi kugeuka, pembe tatu inatoweka na nusu ya uso inazama gizani. Ukishaijua safari hiyo ya kivuli, utaiona kila mahali: mlangoni, barazani, chini ya mti, hata ndani ya gari lililobeba maharusi.

Halafu msogeze mbali na dirisha. Mwanga utapungua haraka kuliko unavyotarajia. Kwa chanzo kidogo kama flashi, umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Dirisha ni kubwa, halifuati hesabu hiyo sawasawa, lakini mwelekeo ni uleule. Aliye karibu na dirisha hung'aa huku ukuta wa nyuma ukififia. Aliye mbali huchanganyika na chumba. Mwisho, mtazame machoni. Kama hakuna kile kimweko cheupe kwenye mboni, uso utaonekana umelala hata mtu akitabasamu. Mwinue kidevu kidogo au mgeuze aelekee mwanga mpaka kimweko kirudi.

Kuhusu lenzi nitasema kwa kifupi. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la kupitisha mwanga la f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana) kwa kawaida ni miongoni mwa zile za bei nafuu kwa kila mtengenezaji, nayo inamtosha kabisa anayeanza. Ila usimsogelee mtu sana. Ukisimama karibu mno pua inakuwa kubwa na masikio yanarudi nyuma, na kosa si la lenzi, ni la umbali. Baki kiasi cha mita mbili.

Kuna mtego mmoja kwenye tundu hilo pana. Wengi wanalipenda kwa sababu linatia ukungu mandhari ya nyuma, basi wanaliacha wazi muda wote. Chukua lenzi ya milimita 85 kwenye kamera yenye sensa kubwa (kibati kinachonasa picha, chenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35), ifungue f/1.8, simama mita mbili: sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita sita hivi. Kwa mtu mmoja ambaye umefokasi jicho lake la karibu, inatosha. Kwa maharusi wawili, mmoja akiwa nusu hatua nyuma ya mwenzake, yule wa nyuma atatoka na ukungu, na kwenye kioo kidogo cha kamera hutaligundua hilo. Wawili wapige kwa f/4. Kundi la familia lenye safu mbili au tatu lipeleke f/5.6 au f/8. Na spidi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hukaa wazi, isishuke: watu wanaotembea wanahitaji angalau 1/250 ya sekunde, wanaocheza spidi kubwa zaidi ya hapo. Kama lazima ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ambao ukizidi huleta chengachenga) ipande hadi 3200 au 6400, ipande. Picha yenye chengachenga bado ina uso wa mtu ndani yake, ila iliyotikisika haina wa kuitengeneza.

Sasa tuje kwenye jambo linalowatesa wageni wengi wa kazi hii, yaani gauni jeupe na suti nyeusi. Kamera inapopima mwanga hudhani kila inachokiona ni cha wastani, kati ya nyeusi na nyeupe. Gauni likijaza fremu, kamera inapunguza mwanga na gauni linatoka la kijivu, pamoja na uso wa bibi harusi kuwa giza. Suti ikijaza fremu, kamera inaongeza mwanga na uso wa bwana harusi unaungua, yaani unatoka mweupe kupita kiasi. Kwa hiyo usiipe kamera neno la mwisho. Pima uso, kisha angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, uone kama gauni limeungua. Palipoungua hapana taarifa yoyote, nyuzi na mapambo ya kitambaa vimepotea, na hakuna programu itakayovirudisha. Vivuli, ukipiga kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalibana), unaweza kuviinua baadaye.

Ngozi nyeusi kando ya kitambaa cheupe inadai uangalifu zaidi, na nasikitika kuona bado watu wanaiharibu kwa kuimwagia flashi ya mbele. Ngozi hiyo hupata umbo kwa mng'ao, yaani kwa kile inachokirudisha, kuliko kwa wingi wa mwanga unaoipiga. Ipe chanzo kipana kilichotulia: mlango mkubwa uliofunguliwa, kivuli kinachotazama uwanja mweupe, au shuka jeupe lililoshikwa ubavuni. Utaona taya na mfupa wa shavu vikijichora vyenyewe. Kisha mgeuze bibi harusi ili uso uelekee mwanga na gauni libaki upande wenye mwanga hafifu kidogo. Hapo uso na gauni vinakaribiana, na kamera inavimudu vyote viwili.

Ndani ya ukumbi, geuza kichwa cha flashi kielekee dari badala ya watu. Dari nyeupe na ya chini itarudisha mwanga mpana unaoshuka taratibu. Dari ndefu au nyeusi hairudishi kitu, na dari ya rangi itaipaka ngozi rangi hiyohiyo. Chunguza pia taa za LED. Baadhi yake humeta kufuata umeme, na picha hutoka na mistari ya giza na mwanga iliyolala kwa mkato. Palipo na umeme wa hezi 50 jaribu spidi ya 1/100, pa hezi 60 jaribu 1/125, na usitumie shata ya kielektroniki, ile ya kimyakimya isiyosogeza pazia.

Upande wa pozi, neno ninaloliepuka ni "tabasamu". Mtu akiamriwa kutabasamu hukaza midomo. Mpe kazi ya kufanya: aegemeze uzito kwenye mguu wa nyuma, asogeze paji la uso mbele kidogo, ashike koti la mwenzake, amnong'oneze jambo ambalo wewe hutalisikia. Kicheko kitakachofuata ni cha kwao. Nawe endelea kuzungumza. Mpiga picha akinyamaza na kukunja uso mbele ya kamera yake, anayepigwa hudhani tatizo ni yeye.

Ukishafika hapo, tafuta mpiga picha mzoefu umfuate kama msaidizi. Hapo utajifunza yasiyofundishika kwa zoezi la dirisha: usimame wapi dakika moja kabla ya tukio, uongee vipi na mshereheshaji, upite wapi bila kuwakinga wageni. Utajifunza pia picha za familia, ambazo ndizo zinazokula muda. Omba orodha ya makundi mapema, na ndugu mmoja anayewafahamu watu kwa sura ili awaite. Kila kundi lipe dakika tatu. Makundi kumi ni nusu saa nzima. Anza na kundi kubwa lenye wazee, uwaachie wakapumzike, kisha punguza watu hatua kwa hatua.

Picha za uso za kujifunzia zipige bure ukitaka. Harusi usiichukue peke yako kwa sababu tu ni ya bure, kwani kutolipwa hakupunguzi chochote katika dhima uliyoibeba. Siku ukiwa tayari, andika mkataba: saa utakazofanya kazi, idadi ya picha, tarehe ya kuzikabidhi, arubuni, nani atakushikia nafasi ukiugua, na kama maharusi wanaridhia picha zao uzionyeshe hadharani. Nenda na kamera ya pili, hata ya kuazima, na betri za akiba. Kama kamera yako ina nafasi mbili za kadi, iweke iandike zote mbili kwa pamoja.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, nakili kila kitu kwenye diski mbili tofauti na ufungue faili kadhaa uhakikishe zinafunguka. Nakala moja ikae nje ya nyumba unayoishi au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kadi usizifute mpaka maharusi wakuthibitishie kwamba wamepokea picha zao. Kisha chagua chache zilizo bora, uzihariri na kuwatumia ndani ya siku mbili tatu, wakati ndugu bado wanaulizana picha ziko wapi. Hizo nyingine zifuate kwa tarehe mliyoandikiana.