Sema asante, na useme pia panapouma: dhana potofu kuhusu shukrani wakati wa kupona

Anayejikwamua kutoka kwenye ulevi, sonona au msiba anaweza kukosa mengi, ila hakosi mtu wa kumwambia "wewe shukuru tu". Ushauri wenyewe si mbaya. Shida ni jinsi tunavyouelewa.

Dhana: Anayeshukuru halalamiki.

Hii ndiyo inayoumiza watu kuliko zote. Mtu anaeleza kwamba halali usiku, anajibiwa, "Bora uzima, wenzako wako kaburini." Ananyamaza, na kimya hicho kinasifiwa kuwa ndiyo shukrani.

Ukweli ni kwamba uchungu na shukrani hukaa kwenye moyo mmoja bila kugombana. Mwaka 2003, Robert Emmons na Michael McCullough, watafiti wa Marekani, walichapisha majaribio ambayo moja liliwahusu watu wenye maradhi ya neva na misuli. Waliotakiwa kuandika mambo ya kushukuru kila siku, kwa siku 21, walikuwa na furaha zaidi na walilala vizuri kuliko wenzao wasioandika. Ugonjwa ulikuwa palepale, na hakuna aliyeambiwa ajifanye hauoni.

Nina kipimo changu kidogo. Tamka sentensi nzima: "Mgongo umeniuma tangu alfajiri, na dada amekuja kunifulia." Kiungo ni "na". Ukiona unaiona haya nusu ya kwanza, au ulimi unataka kuleta "lakini" ili uifute, hapo umejiziba mdomo mwenyewe.

Dhana: Usishukuru mpaka uhisi.

Anayeacha pombe au dawa za kulevya mara nyingi hupitia wiki ambazo hakuna kitu chenye ladha, kwa kuwa ubongo ulizoea kufurahishwa kwa nguvu. Akisubiri moyo ujae, atasubiri sana. Katika vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambamo walevi husaidiana kuacha pombe, vilivyoanzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, kuandika orodha ya shukrani ni desturi inayojulikana, na huandikwa hata siku ambayo moyo ni mkavu kabisa.

Dhana: Orodha iwe ndefu, na iwe ya kila siku.

Daftari langu la kwanza lilijaa "afya, familia, uhai" ukurasa baada ya ukurasa, kama mwalimu anayeita majina darasani. Nililitupa kwenye droo. Baadaye nikasoma utafiti wa Sonja Lyubomirsky na wenzake: walioandika mara moja kwa wiki walinufaika kuliko walioandika mara tatu. Mazoea hufisha. Si kwamba kila siku ni vibaya. Martin Seligman na wenzake, mwaka 2005, waliwaomba watu waandike mambo matatu mema kila jioni kwa wiki moja, na matokeo yalikuwa mazuri. Ila waliwataka pia waandike kwa nini kila jambo lilitokea. Hiyo "kwa nini" ndiyo inayokutoa kwenye kukariri. "Jirani aliniuliza hali, akasimama kusubiri jibu" inazidi kurasa kumi za "afya".

Dhana: Aliyekusaidia una deni lake.

Kupona hugharimu, na mara nyingi kuna aliyelipa. Kisha siku unapokataa jambo moja tu, unasikia: "Shukrani ya punda ni mateke." Wanasaikolojia hutofautisha shukrani na hisia ya kudaiwa: ya kwanza humvuta mtu karibu na mfadhili wake, ya pili humfanya amkwepe. Unaweza kumshukuru kaka aliyelipia matibabu yako, kwa dhati, na bado ukamkatalia kupekua simu yako. Hayo si mateke.

Dhana: Barua ya shukrani isipomfikia mwenyewe ni bure.

Joel Wong na wenzake waliwafuatilia watu wazima karibu 300 waliokuwa wanaanza ushauri nasaha. Walioandika barua za shukrani walikuwa na afya bora ya akili wiki 4 na wiki 12 baadaye, ingawa wengi wao hawakuzipeleka.

Dhana: Ukishukuru vya kutosha, huhitaji tiba.

David Cregg na Jennifer Cheavens walipozikusanya tafiti 27 waliona kwamba mazoezi ya shukrani hupunguza sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu. Kidogo si sifuri, ila hakichukui nafasi ya dawa wala ya mshauri. Kwa mlevi wa muda mrefu jambo ni zito zaidi: kuacha pombe ghafla kunaweza kuleta degedege, na degedege huua. Muone daktari kwanza. Daftari nenda nalo, uandike ukiwa kwenye foleni.