Mitambo Imesimama, Umeme Haujafika: Ugumu wa Kujenga Vituo vya Nishati Jadidifu

Mwaka 2017 mitambo 365 ya upepo ilikuwa imekwisha kusimikwa karibu na Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Uwezo wake ni megawati 310. Ilikaa zaidi ya mwaka mzima bila kumfikishia mteja umeme, kwa kuwa njia ya kuusafirisha hadi kituo cha kupokelea umeme cha Suswa, umbali unaozidi kilomita 400, haikuwa tayari. Mkandarasi wa njia hiyo, kampuni ya Uhispania, alifilisika katikati ya kazi, ikabidi watafutwe wengine. Umeme uliingia kwenye gridi ya taifa Septemba 2018. Mkataba wa kununua umeme huo nao ulitaka mwekezaji alipwe hata kama umeme wake haukupokelewa, hivyo Kenya ikabebeshwa deni la mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata taa moja.

Naanza na mfano huu kwa sababu watu wengi hudhani kazi ngumu ni mitambo yenyewe. Sivyo. Kituo cha kuzalisha umeme kwa mafuta au gesi unaweza kukijenga jirani na mji, kisha ukaleta mafuta hapo. Upepo, jua kali na mvuke wa ardhini havihamishiki. Unavifuata viliko, na mara nyingi viko mbali na watumiaji. Kituo hujengwa eneo moja, lakini njia yake hupita kwenye mashamba ya watu wengi mno, na kila mmoja ana haki ya kuthaminiwa na kulipwa fidia. Kwa maoni yangu, njia ya umeme ianze kabla ya kituo, hata kama itakaa miezi kadhaa bila kazi. Gharama ya nguzo zinazosubiri mitambo ni ndogo kuliko ya mitambo inayosubiri nguzo.

Ardhi ya kituo chenyewe nayo ina mambo yake. Mradi wa upepo wa Kinangop, pia Kenya, ulifutwa mwaka 2016 baada ya mgogoro na wananchi. Kwenye mradi wa Ziwa Turkana, Oktoba 2021 mahakama iliamua kwamba hati za ardhi zilipatikana bila kufuata sheria, wakati mitambo ilikuwa inazunguka tayari.

Lipo pia suala la megawati zinazotangazwa siku ya uzinduzi. Kituo cha jua cha megawati 100 hutoa kiasi hicho mchana jua likiwa kali. Kwa wastani wa mwaka mzima ni kama robo yake, au pungufu. Saa mbili usiku, watu wanapopika na kuwasha taa, hutoa sifuri. Kwa hiyo nchi inahitaji betri, mabwawa, jotoardhi (umeme wa mvuke wa ardhini) au gesi ya kuziba pengo hilo, na gharama hizo haziandikwi kwenye bango la mradi.

Mabwawa yana udhaifu wake. Zambia hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na maji, na ukame wa mwaka 2024 uliposhusha kina cha bwawa la Kariba, mgao ukawa wa saa nyingi kila siku. Jotoardhi haijali ukame, kama vituo vya Olkaria, Kenya, vinavyoonyesha tangu mwaka 1981, ila kisima huchimbwa kilomita mbili au tatu kwenda chini kwa mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka kikavu. Benki haipendi kusikia hivyo.

Na usalama wa nishati je? Wapo wanaosema tunaacha kutegemea mafuta ya nje ili tutegemee paneli za jua za China, ambayo inashika zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji wa paneli duniani. Hoja hiyo ina uzito, lakini utegemezi huo haulingani na ule. Meli ya mafuta isipofika, jenereta huzimika ndani ya siku au wiki chache. Meli ya paneli isipofika, zilizokwisha kufungwa huendelea kuzalisha kwa miaka 25 hivi. Kinachokwama ni ujenzi mpya. Hatari kubwa zaidi iko kwenye inveta, yaani vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uweze kuingia kwenye gridi, na vifaa vya kudhibiti mitambo, maana kimoja kikiungua kinaweza kuzima sehemu ya kituo huku kipuri kikisubiriwa kutoka ng'ambo. Vipuri vya akiba na mafunzo ya mafundi wazalendo vinapaswa kuwemo kwenye mkataba wa ununuzi, kabla muuzaji hajapokea malipo yake ya mwisho.